Meza ya Chini ya Ziwa

Jumamosi moja ya Juni 1991, katika nyumba ya matofali ya udongo juu kidogo ya mtaro wa Kimisagara, Béatha alikuwa akipima meza kwa uzi wa cherehani. Alitaka kujua kama jagi, mkate, taa, mayai na kisu cha samaki vingeenea bila kubanana. Kaka yake Silvère alimtazama kutoka juu. Alikuwa amegota mgongo kwenye boriti za paa, uso ukielekea chini, na kamba ya katani imefungwa kiunoni mwake, ncha ya pili kwenye mguu wa kabati.

"Taa isogee kulia," alisema Silvère.

"Kitabu hakisemi kulia."

"Kinasema msichana aliiona taa kwanza, ndipo akauona mkate. Na aliingia kwa mlango wa kulia."

Béatha alifikiri kidogo, akaisogeza taa. Kutoka alipokuwa, Silvère aliiona meza yote kwa mara moja, na tangu kazi hii ianze dada yake alikuwa amezoea kumuuliza.

Béatha alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Alichora vichwa vilivyonyolewa kwa ajili ya vinyozi, ng'ombe kwa ajili ya wauza maziwa, na magurudumu kwa mafundi wa baiskeli. Vibao vyake vilikuwa kila mahali bondeni, na hakuna hata kimoja alichokichora kwa kupenda. Sasa alitaka picha moja iwe yake mwenyewe. Masista waliomfundisha kuchora waliita picha za namna hiyo *nature morte*: vitu juu ya meza, bila mtu.

Meza aliyoitaka ilitoka katika riwaya ya Kifaransa ambayo baba yao aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Jalada lilikuwa limeng'oka pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyejua jina la kitabu. Kilisimulia mji ulio chini ya ziwa. Maji yalikuja wakati wa chakula cha mchana. Watu walitoka nje kuangalia kelele ni za nini, na hawakurudi. Miaka mingi baadaye msichana mmoja mpiga mbizi anashuka, anafungua mlango wa nyumba mojawapo, na anakuta meza imeandaliwa, kavu, mkate bado una joto. Maelezo ya meza hiyo yalichukua kurasa mbili. Béatha na Silvère walizisoma utotoni mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa.

Oktoba ya mwaka uliotangulia, vita vilipoanza kaskazini, askari walipita mitaani wakichukua watu walioitwa washirika wa adui. Nkezabera, jirani mwenye baa, aliwaambia kwamba Silvère ana ramani ukutani. Ilikuwa ramani ya shule, ya mito na reli za Ulaya. Silvère alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Askari waliitazama ramani, kisha wakatazama neno la kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, na hawakuuliza tena habari ya ramani. Waliikunja, wakaondoka nayo pamoja na mwenyewe.

Alifunguliwa Aprili. Alikuja ameshika mkono wa shati la mtu waliyetoka naye. Mlangoni alimshukuru yule mtu, akauachia mkono wa shati, na akapaa hadi kwenye boriti. Béatha alimsalimu, akaenda kutafuta kamba.

"Uzito umekutoka lini?" alimuuliza baadaye, akimpandishia uji kwa ngazi.

"Sijui. Ulikuwa unapungua kidogo kidogo. Siku ya kutoka niliona tu viatu havigusi chini."

Béatha alimshonea mawe kwenye pindo la koti ili aweze kwenda chooni na kanisani. Kanisani watu walimpisha kwenye kiti cha pembeni, karibu na nguzo, apate kitu cha kushika wakati wa kusimama. Mchana mabati yalipopata moto alijivuta chini kwa kamba na kukaa chini ya kitanda, ambako palikuwa na ubaridi na hakuweza kwenda popote.

Huko kifungoni, Silvère alikuwa amewasimulia wenzake kile kitabu. Walikuwa wamejaa chumbani hata kulala ni kwa zamu, na chakula kilikuja siku kikitaka. Walivumilia kwa subira habari za ziwa na msichana. Lakini alipofika kwenye meza walimzuia asiendelee. Walitaka aanze tena kwenye mkate. Siku ya tatu mwashi mmoja aitwaye Karangwa alisema kwamba meza hiyo haijakamilika, maana hakuna isombe.

"Nilimwambia kitabuni hakuna isombe," Silvère alimweleza Béatha. "Akaniuliza, hao watu walikuwa wanakula mkate na nini? Wengine wakamuunga mkono. Basi nikaiweka."

"Uliiweka wapi?"

"Katikati. Kwenye bakuli la udongo."

Isombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa hadi yakawa rundo la kijani karibu na weusi, na kwenye picha rundo hilo lingemeza mwanga wote wa taa. Kwa wiki mbili Béatha alipanga meza ya kitabu, bila isombe, na kila alipomaliza kuipanga aliona haijakaa sawa. Wiki ya tatu aliweka bakuli tupu la udongo katikati, kujaribu tu, na vitu vingine vyote vikatulia mahali pake.

Wakati huo ndipo Médiatrice alipokuja, mke wa Karangwa. Mumewe hakuwa amefunguliwa. Alikuwa akizunguka kwa kila aliyetoka, kuuliza kama amemwona. Alisimama katikati ya chumba, akainua uso kuelekea kwenye boriti.

"Muraho, mwalimu. Mume wangu iko mzima?"

"Nilipotoka alikuwa mzima, Mama Kaliza. Anakohoa. Alikuwa ananisahihisha kuhusu meza."

Silvère akamweleza habari ya isombe. Médiatrice alisikiliza hadi mwisho, akalitazama bakuli tupu, akauliza ni nani atakayepika. Béatha alisema hajui, labda angenunua sokoni.

"Ya sokoni hapana," alisema Médiatrice. "Ile aliyosema yeye ni yangu. Ninatia karanga."

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi na sufuria imefungwa kwa kitenge. Alipakua isombe kwenye bakuli, Béatha akapanga vitu upya na kuchora michoro midogo ya mkaa ili kujaribu mwanga, Silvère akasema sogeza hiki, rudisha kile. Jioni ilipokaribia waliila, kwa kuwa isombe hailali vizuri. Picha yenyewe ilikuwa haijaanza. Hakuna aliyeikimbiza. Médiatrice, akiwa anatazama mvuke ukipanda kutoka kwenye bakuli, alikuwa na namna ya kuketi kana kwamba mtu ametoka kidogo tu uani kunawa mikono.

Wakati huohuo Nkezabera, yule mwenye baa, alikuwa ameanza kuvunja viti. Mwanzo ilikuwa viti vya plastiki, halafu vya mbao. Madereva wa teksi walimwomba aende kwa miguu. Alisakafia upya mbele ya baa yake, akangoja saruji ikauke kabisa, na alipopita juu yake aliacha nyayo zilizozama. Béatha aliziona alipokwenda kugusia rangi kibao cha baa. Mguu wa kushoto ulikanyaga kwa nje, kisigino kikiwa chini kuliko vidole. Silvère alivunjika mguu huo alipokuwa na miaka minane, na tangu siku hiyo alikanyaga hivyo. Nkezabera alikuwa mtu wa miguu iliyonyooka.

Wanywaji wawili walikuwa wameketi pale pale.

"Hizo ni za mwalimu," alisema mmoja.

"Ndiyo, ni za mwalimu," alisema wa pili, akaagiza bia nyingine.

Watu wa chama tawala walipoona jinsi ardhi inavyomwitikia Nkezabera walisema huyu sasa ni mtu mzito, na kabla ya mwaka kwisha wakamfanya konseye, mkuu wa sekta. Alipewa ofisi yenye sakafu ya mawe.

Hili lilikuwa tatizo, kwa sababu shule ya Silvère ilikuwa tayari kumrudisha kazini mradi alete cheti cha ukaazi, na cheti hicho husainiwa na konseye. Silvère alikwenda na koti lake la mawe, Béatha akimshika mkono. Nkezabera aliwapokea kwa adabu. Alilitazama koti, akasema mawe hayahesabiki, kila mtu angeweza kuvaa mawe. Akasema atakuja mwenyewe nyumbani kuona, kama taratibu zinavyotaka.

Alikuja Jumamosi ya Februari, saa za alasiri, mvua ikiwa imekatika. Walimsikia kabla hajafika, maana vikombe viligongana kabatini. Aliingia, akawasalimu wote watatu, Silvère juu na wanawake chini, akaketi. Kiti kikavunjika. Alinyanyuka, na Béatha akamletea benchi la mbao za mikaratusi kutoka uani. Benchi lilipinda, likastahimili.

Meza ilikuwa imeandaliwa. Kesho yake Béatha alikusudia kuanza picha. Turubai ilikuwa imeshavutwa kwenye fremu.

"Kuna mgeni?" aliuliza konseye.

"Hapana. Ni meza ya kwenye kitabu," alisema Béatha. "Nataka kuichora."

"Bila watu?"

"Bila watu."

Konseye alitikisa kichwa kukubali. Kisha akavuta bakuli la isombe, akakata kipande cha mkate, akaanza kula. Alikula polepole, kama mtu ambaye mwili wake unahitaji kingi. Médiatrice alikuwa amesimama karibu na mlango, kitenge cha sufuria bado mkononi.

"Hii iko tamu, Mama Kaliza. Umetia karanga?"

"Nimetia. Mume wangu anapenda hivyo."

"Anapenda vizuri," alisema konseye.

"Bwana Konseye, atarudi lini?"

"Nani?"

"Karangwa. Mwashi. Ndiye alijenga ukuta wa baa yako."

Konseye alitafuna, akameza. "Ule ukuta iko imara," alisema. "Habari za huko sina. Huko si kwenye sekta yangu."

Aliendelea kula hadi akalipangusa bakuli kwa mkate. Béatha alimngoja amalize.

"Bwana Konseye," alisema, "huo uzito ni wa kaka yangu."

Nkezabera alifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja.

"Najua. Goti la kushoto linaniuma tangu mvua zianze. Mke wangu anasema nalala vibaya, nalala kama mtu aliyebeba mtu."

"Basi mrudishie."

"Dada, mimi sikuiba. Nilitoa habari, nikapewa. Sikuomba. Kama ni kurudisha, waliotoa ndio waseme. Hawajasema."

"Na cheti changu?" aliuliza Silvère kutoka juu.

Konseye aliinua macho. Alimtazama kwa muda, si kwa ubaya, namna mtu anavyotazama paa la jirani linalovuja.

"Mwalimu, mkaazi ni mtu anayekanyaga ardhi ya selula yake, ya mtaa wake. Nimekuja kuona kama unakanyaga. Umeniona nimekuja. Sasa nitaandika nini?"

Silvère alijivuta kwa kamba mpaka nyayo zake zikakaribia sakafu. Mkono mmoja ulishika mguu wa kabati, mishipa ya shingo ikamtoka. Vidole vya mguu viligusa udongo, vikateleza, vikapanda tena. Konseye alisubiri mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akashukuru kwa chakula, akaaga, akatoka. Uani aliacha mashimo ambayo maji ya mvua yaliyajaza.

Médiatrice alisogea mezani, akachukua bakuli akalioshe. Béatha alimshika mkono.

"Liache."

"Iko tupu, dada."

"Nimeona. Liache hapo hapo alipoliacha."

Médiatrice alilirudisha. Lilikaa upande, karibu na ukingo wa meza, na alama za mkate zikionekana ndani yake. Makombo yalikuwa yametapakaa hadi kwenye mayai. Béatha aliketi mbele ya turubai, akachukua mkaa.

"Hivyo si kama kitabu," alisema Silvère. Alikuwa bado anahema.

"Najua."

"Wala si kama walivyosema wenzangu. Karangwa akitoka ataniuliza nani amekula."

"Utamwambia," alisema Béatha.

Médiatrice alikunja kitenge mara mbili, akakiweka mapajani, akaketi kwenye benchi la mikaratusi kwa vile hakukuwa na kiti kingine. Hakulia. Aliuliza tu kama wiki ijayo apike, na Béatha akamwambia aje hata kama hajapika.

Alikuja. Karangwa hakutoka mwezi huo, wala uliofuata. Shule ilipata mwalimu mwingine wa Kifaransa. Silvère alianza kufundisha watoto wawili watatu wa mtaani, wao wakiwa wamelala chali kwenye mkeka ili wamwone midomo anapotamka. Picha ilisonga mbele polepole, kwanza ukingo wa meza, halafu taa, halafu bakuli. Kila asubuhi konseye alipita njiani kwenda ofisini, na rangi ikatetemeka kwenye kikopo. Béatha aliinua brashi, akangoja hadi amepita, kisha akaendelea.