Jukwaa la Waongo Wastaafu

Shemeji yangu alinifukuza jukwaani kwake asubuhi, chai yangu ikiwa bado ya moto. Ilipopoa nilikuwa nimeshaamua kulipiza.

Jukwaa lenyewe lilikuwa la mtandaoni, la wastaafu wa kiwanda chetu cha uchapaji, na yeye ndiye aliyelianzisha. Kazini tulimwita Kalamu Nyekundu, maana alikuwa msahihishaji. Ujana wake wote aliumalizia kwenye chumba cha vioo akikata maneno ya watu. Mimi nilikuwa mpiga chapa, huku chini kwenye kelele na wino. Kosa langu lilikuwa kusimulia jinsi mashine kubwa ilivyoivuta kofia ya meneja ikaitema upande wa pili ikiwa kalenda, tena yenye sikukuu zote. Watu wanacheka, wanaomba kisa kingine. Kalamu Nyekundu akakifuta kisa, akanifungia mlango, kisha akaandika mbele ya wenzangu wote: "Huyu hata kazini alikuwa mzigo. Tulimbeba tu."

Kofia ningemsamehe. Mzigo, hapana.

"Ni kaka yangu," mke wangu akasema, akimenya vitunguu. "Yaishe."

"Yataisha. Akishaisha yeye."

"Mzee mzima kugombana kwenye simu."

"Ngumi mkono umeshakataa, mama. Kidole bado kinatii."

Siku hiyohiyo nikafungua jukwaa langu, Jukwaa la Waongo Wastaafu, lenye sheria moja: humu ni uongo mtupu. Atakayesema kweli anafungwa mdomo, na hafunguliwi mpaka atunge uongo utakaokubaliwa na wanachama, juu ya jambo atakalopewa na aliye zamu. Zamu tulipokezana mimi na mfunga vitabu wetu wa zamani, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha kukatia karatasi.

Mwanzo tulikuwa watu wa kujaa benchi moja, na mmoja wao nilikuwa mimi kwa jina jingine. Kisha mfunga vitabu akasimulia alivyoshona kitabu kinene mno, hata msomaji wake akazeekea katikati na kuoa humohumo. Dereva wa kiwanda akaleta gari lake lililopanda mlima bila injini, kwa aibu tu ya kupitwa na baiskeli. Dereva akawaita majirani, majirani wakawaita wakwe zao. Wakaja wauguzi, makarani, mabaharia ambao hawajawahi kuiona bahari. Kila nikifungua simu nawakuta wanasukumana mlangoni. Simu ikapata joto hata mke wangu akatishia kuitumia kama pasi.

Kule kwa shemeji, ujumbe wa mwisho ulikuwa wake mwenyewe: "Habari za asubuhi, wanachama." Chini yake akajijibu: "Nzuri." Dereva alinipigia picha ujumbe ule. Nilikuwa nautazama kabla ya kula, unaongeza hamu.

Lakini shibe ile haikunifikia moyoni. Neno "mzigo" lilikuwa bado limenigandama. Nilitaka alifute kwa vidole vyake, mbele ya watu walewale.

Nikatega mtego. Mtu aliyesahihisha maisha yake yote hawezi kulipita kosa, kama mbwa asivyoweza kuupita mfupa. Nikaandika kisa kirefu, na katikati nikapenyeza kwamba kila jioni tuliosha rola za wino kwa sabuni na maji.

Kabla chakula cha mchana hakijaiva, akaingia mwanachama mpya anayejiita Mgeni Mpole. Akaandika: "Samahani. Rola zilioshwa kwa mafuta ya taa. Wino ule hautoki kwa maji."

"Na huo ni ukweli," mfunga vitabu akaandika. "Karibu, Kalamu Nyekundu. Hata ubishe hodi kwa mguu, tunakujua."

Akafungwa mdomo. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, kwa hiyo jambo la kutungia nikampa mimi. Sikuwa na haja ya kutafakari, nilikuwa nimelilalia muda mrefu: "Tuambie mimi nilikuwaje kazini."

Mke wangu akaja kusimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Jibu likatokea.

"Shemeji yangu hakuwahi kuwa mzigo. Alikuwa nguzo. Bila yeye kiwanda kile kisingesimama."

Nikavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikalegea. Ndipo kura zikaanza kumiminika.

"Uongo huu umelipita gari langu," akaandika dereva.

"Nguzo," akaandika mwingine. "Meno yangu ya bandia yameangukia kwenye mchuzi."

"Umekubaliwa bila kupingwa," akamaliza mfunga vitabu. "Mfungulieni bingwa."

Mke wangu akarudi jikoni, mabega yakimtikisika.

Nikaandika, vidole vikigongana: "Huo si uongo. Ni kweli."

"Kweli?" mfunga vitabu akauliza. "Basi sheria ni yako, babu."

Nikafungwa mdomo kwenye jukwaa langu mwenyewe, na Kalamu Nyekundu yumo ndani anapokea pongezi. Zamu ikamwangukia mfunga vitabu, naye akanipa jambo langu: "Tuambie unavyompenda shemeji yako."

Uongo huo nao ulinitoka kama kikohozi: "Shemeji yangu ni mtu mwema. Nimemsamehe kwa moyo mweupe, na mezani kwangu sahani yake inamngoja."

Wakaukubali wote. Wa kwanza kupiga kura alikuwa shemeji mwenyewe.