Tarehe ya Ankara ya Mzee Chediel

Ulikuwa mwaka wa sita Kudra akiwa afisa manunuzi wa halmashauri, na hakuna aliyewahi kumwita mwongo, mpaka Jumanne ile mzee Chediel alipoingia ofisini kwake na binti yake Jenipher.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa." Jenipher akasogeza simu.

Kudra hakuhitaji kusoma. Siku hizi halmashauri ilitakiwa kuweka wazi mtandaoni siku ilipopokea ankara ya mzabuni na siku ilipomlipa, ili kila mtu aone nani anacheleweshwa. Chediel, seremala wa kijiji cha Ihanja, alitengeneza madawati ya shule mbili, akaleta ankara Aprili. Mpaka Oktoba alikuwa hajalipwa. Taarifa ilipotakiwa, Leonidas, mweka hazina, alimwambia Kudra aandike Septemba.

"Tukiandika Aprili tumekwisha wote wawili," alisema. "Una watoto, Kudra."

Kudra akaandika.

"Ankara nilikukabidhi wewe, mkononi," Chediel akasema. "Benki walipokuja kuchukua mashine yangu ya randa, niliyoiwekea dhamana ya mkopo, niliwaambia serikali ndiyo inayonichelewesha. Meneja akafungua huo mtandao wenu. Akaniambia, mbona umeileta juzi tu, mzee? Akaniona tapeli."

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

Kudra alikuwa amejidanganya kwamba tarehe ni tarakimu tu, haimuumizi mtu.

"Ni mimi niliyeandika," akasema. "Ngoja nisahihishe mbele yenu."

Mfumo ulidai sababu ya marekebisho. Akaandika: Tarehe ya kwanza haikuwa ya kweli, niliiweka nikijua. Akachapa nakala, akaigonga muhuri, akampa mzee.

Wiki mbili baadaye Chediel alilipwa. Lakini mashine ilikuwa imeshapigwa mnada, ikaenda Manyoni, na fedha hazikutosha kununua nyingine baada ya kulipa deni la mbao. Kudra aliitwa kwenye kamati, akaulizwa nani alimwelekeza, akamtaja Leonidas. Leonidas akakana. Maelekezo yalikuwa ya mdomo, karatasi haikuwepo. Kudra akasimamishwa kazi kwa nusu mshahara, Leonidas akabaki kwenye kiti chake.

Jumamosi moja Kudra alipanda gari kwenda Ihanja kuomba radhi. Alimkuta Chediel akiranda ubao kwa mkono, jasho likimtiririka. Jenipher alimwona, akaingia ndani bila kuitikia salamu. Mzee akamvutia kigoda.

"Nimekuja kuomba msamaha, baba."

"Nimesikia wamekusimamisha."

"Ndiyo."

Chediel akapuliza maranda, akapitisha kiganja juu ya ubao. "Kukusamehe nimekusamehe. Ila benki siaminiki tena, hata kwa ile nakala yako ya muhuri, na wewe uliyesimamishwa huwezi kwenda kunisemea."

Kudra akakaa pale kigodani, mzee akaendelea na kazi, mpaka saa ya gari la kurudi ikafika.