Kiwanja Kisicho na Kaburi

Rhobi alifika kwa mama yake, kijijini Ringwani, jua likiwa utosini. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kipande cha khanga, na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Mama yake, Ghati, aliitazama kalamu. Mkono hakuutazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ina wino hiyo?"

Hivyo ndivyo alivyopokelewa! Mtu katoka ng'ambo ya Mto Mara kwa miguu, hata pole hapewi. Aliyeuliza habari ya mkono ni Agustina, aliyekuwa akipepeta ulezi mlangoni.

"Nilianguka kisimani, wifi."

Agustina akaguna tu, akaendelea kupepeta. Wanawake wa pale wote walishaanguka kisimani, kila mmoja na mwaka wake.

Agustina alikuwa mke wa nyumba ile, na asiyejua mila za Wakurya atauliza mume yuko wapi. Mume hakuwepo. Ghati na marehemu Nyangwine walijaliwa mtoto mmoja tu, Rhobi, na Rhobi ni msichana. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume inaitwa nyumba ntobhu, na mzee akishafariki, ndugu zake huanza kuimezea mate kabla matanga hayajaisha. Ghati hakukubali. Akafanya kile ambacho mila inamruhusu mwanamke kufanya: akaoa. Akamtolea Agustina mahari, Agustina akaja, akazaa na mwanaume ambaye jina lake halimhusu mtu, na mtoto akawa wa nyumba ya Nyangwine. Akaitwa Matiko.

Sasa ng'ombe wa mahari walitoka wapi? Walitoka kwa Rhobi. Rhobi alikuwa darasa la nne, tena anaongoza darasa, Waitara alipokuja kumwoa na kundi lake la ng'ombe. Likizo ikaanza, shule ikafunguliwa, Rhobi hakurudi. Ng'ombe wale walipumzika kidogo tu kwenye zizi la Ghati, kisha wengi wao wakaswagwa kwenda kwa baba yake Agustina. Kwa hiyo siku Rhobi akimwacha Waitara, Waitara atadai ng'ombe wake. Ng'ombe wakidaiwa, itabidi wafuatwe kwa baba yake Agustina, na Agustina atarudi kwao na Matiko mgongoni. Wanawake wote watatu walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Lakini mwaka ule wa sabini na nne mambo yalivurugika. Operesheni Vijiji ilikuwa imefika. Mgambo walipita kilimani wakitangaza kwamba mavuno yakiisha kila mtu ahamie kijiji kipya kule barabarani, na atakayebaki ataezuliwa paa akiwa ndani. Zamani mtu akihisi siku zake zimekaribia aliita ukoo zizini, akasema maneno yake, basi. Ukoo ulikaa mlima mmoja na masikio yalikuwa yale yale. Sasa huyu anapelekwa mstari huu wa nyumba, yule kijiji kingine kabisa. Nani atakumbuka Ghati alisema nini? Hezekia, balozi wa nyumba kumi, akamshauri aandike wosia, pawe na shahidi wa ukoo na shahidi wa nje. Na kwa kuwa Ghati hakumwamini mtu mwingine kushika kalamu, akamwita binti yake.

Rhobi alikuja na jambo lake. Njia nzima alikuwa akilipanga. Ghati alikuwa amegawiwa kiwanja katika kijiji kipya, kipande kilichopigiwa vigingi pembeni, na alikichukia kiwanja kile kama ugonjwa. Basi Rhobi angekiomba. Kupewa cha kwake mwenyewe alishajaribu, akajibiwa kwamba mke wa mtu huandikishwa na mumewe. Lakini cha kurithi kwa mama yake, nani angemnyang'anya? Si ardhi ya ukoo, hakuna babu aliyekilima. Angejenga kibanda chenye mlango wa kufungwa kwa ndani. Huo mlango ndio aliokuwa akiuota.

Kabla mashahidi hawajafika alimfuata mama yake jikoni, akamwambia yote, sauti chini, macho kwenye moto.

"Pale?" Ghati akasema. "Pale hakuna hata kaburi moja. Mtu anaishije mahali hapana kaburi la mtu wake?"

"Mimi naweza, mama."

Ghati akakohoa, akakohoa tena, akajifuta mdomo. "Tutaona," akasema. Jamani, Rhobi alivyolishika hilo neno! Alitoka jikoni akiwa mwepesi, hadi mkono ukasahau kuuma.

Mashahidi wakaja. Wa ukoo alikuwa Mogesi, mdogo wake marehemu, mtu wa tumbo na kicheko. Wa nje alikuwa Hezekia. Wakaketi ndani, Rhobi akapiga magoti mbele ya kigoda, karatasi juu yake. Kwa vile mkono wa kushoto ulikuwa haushiki, Agustina akamshikia karatasi isicheze.

"Andika," Ghati akasema. "Mimi Ghati, mke wa Nyangwine, nina akili zangu zote na kifua kibovu."

"Kifua nacho kiandikwe?" Hezekia akauliza.

"Kiandikwe! Wajue nilikuwa naumwa kifua, sikuwa kichaa."

Rhobi akaandika. Ng'ombe wote waliobaki na watakaozaliwa, ni wa Matiko. Fahali mwekundu ni wa Mogesi, awe macho ya mtoto mpaka atakapokua. Mogesi akacheka, akasema mbona macho mawili yanalipwa fahali mmoja. Hakuna aliyecheka naye. Vyungu na jiwe la kusagia, Agustina. Rhobi aliandika kila neno kama lilivyotoka, akisubiri lake.

"Na kile kiwanja cha barabarani," Ghati akasema, "nikifa, kirudi serikalini."

Kalamu ikasimama.

"Mama. Si tulizungumza?"

"Ulizungumza wewe."

"Hukitaki! Umekaa hapa unakitukana mbele ya watu wote. Unaona bora kirudi kwa watu wanaokuja kukuezulia paa kuliko kunipa mimi?"

"Ndiyo," Ghati akasema. "Wao wakikipata, hawanivunjii nyumba. Wewe nikikupa pa kukimbilia, utakimbia."

Mogesi akaanza kukagua paa kama fundi.

"Utakimbia," Ghati akarudia, "na kesho yake Waitara yuko hapa na ndugu zake na fimbo zao. Matiko ataondoka na mama yake. Nitakuwa nimelala chini, hakuna hata mmoja wa kusema hapa alikaa Ghati. Nimehangaika miaka yote hii kwa ajili ya nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe una kwako."

"Kwangu!" Rhobi akaifungua ile khanga kwa meno, akaunyosha mkono uliovimba mpaka vidole, umebadilika rangi. "Kwangu ndiyo huku? Angalieni basi! Baba mdogo, hebu angalia. Mnaona kisima hiki?"

Mogesi hakuangalia. Hezekia akakohoa kidogo, akasema kwa upole kwamba mambo ya mke na mume hayaingizwi kwenye wosia.

Ghati ndiye aliyeangalia. Aliutazama mkono ule vizuri, toka kiwiko hadi kucha, kwa mara ya kwanza tangu mchana. Kisha akavuta mdomo wake kwa kidole, akaonyesha pengo upande wa juu.

"Baba yako," akasema. "Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nilikukimbiza mgongoni hadi kwa kaka yangu. Akanichinjia kuku, akanipa ngozi ya kulalia. Alfajiri akanishika mkono akanirudisha mwenyewe, kwa sababu ng'ombe wangu walikuwa wamemwolea mke, na mke ana mimba. Nilimchukia kaka yangu. Mpaka leo namchukia, na yeye kafa. Lakini nilikaa. Wewe nani alikuambia utakaa pengine?"

Rhobi alikuwa akilia kwa hasira, machozi yakidondoka kwenye magoti, akiyakwepesha yasiharibu karatasi. Hata wakati huo alikuwa akikwepesha! Angeandika uongo? Hezekia alijua kusoma, taratibu lakini alijua, na angesoma kila neno. Angetupa kalamu akatoka? Basi wosia haupo, na Ghati akifumba macho Mogesi atabeba zizi lote, na Agustina atatupwa nje na mtoto. Akainua macho. Agustina alikuwa amebana karatasi kwa vidole vyote kumi.

"Wifi," Agustina akanong'ona. "Nakuomba."

Agustina naye hakuna siku aliyoulizwa kitu maishani mwake. Rhobi akaandika: Kiwanja changu cha kijiji kipya, nikifa, kirudi kwa serikali.

Hezekia akasoma kwa sauti, akiburuta maneno, akasema ni sawasawa. Masizi ya chungu yakakorogwa na mafuta, Ghati akaweka dole gumba, Mogesi akaweka lake, Hezekia akaandika jina lake kwa madaha. Karatasi ikakunjwa, ikaingizwa ndani ya kibuyu kikavu. Wanaume wakanywa togwa, wakaondoka wakibishana habari za mgambo.

Rhobi akajifunga mkono upya. Alikuwa ameambiwa na Waitara awe amerudi kabla ya kukamua, na kukamua kulishapita. Alijua kinachomsubiri. Ghati alijua pia, maana alimtuma Agustina akamate jogoo, amfunge miguu.

"Mpelekee mumeo," akasema. "Mwambie mama anakusalimu, ndiye aliyenichelewesha."

Rhobi akampokea jogoo kwa mkono mzima. Alikuwa ameshafika nje ya boma aliposikia akiitwa. Akageuka upesi, moyo, ule mjinga, ukaruka tena.

Ghati alikuwa amesimama mlangoni, kibuyu kifuani, na uso wake umelainika kabisa. Rhobi hakukumbuka lini alitazamwa hivyo na mama yake.

"Mwandiko wako mzuri," Ghati akasema. "Watu walinisema sana nilipokutoa shule. Unaona sasa? Haikupotea bure."

"Asante mama," Rhobi akasema, akashika njia ya Mto Mara.