Mke Mwenza wa Indumati

Mdogo wangu Gajanan alioa kichaka mwezi wa Vaishakh, jua likiwa kali la kukausha mate mdomoni, na mimi ndiye niliyemvisha bibi harusi sari. Msicheke. Kwetu mwanamume akifiwa na wake wawili, wa tatu hawi mtu. Anaozwa mti wa rui, ule wenye maziwa meupe unaoota kando ya barabara na karibu na mahali pa kuchomea maiti, ili mkosi wowote uliobaki uuangukie huo. Kisha mti unakatwa, mwanamume anahesabiwa amefiwa tena, na mke wa kweli anaingia nyumbani akiwa wa nne, salama salimini.

Mniulize kama nayaamini mambo hayo. Wake zake wawili, Yamuna na Ratnamala, niliwaosha mimi, kwa mikono yangu hii. Yamuna alikwenda na mtoto tumboni. Ratnamala alichukuliwa na homa msimu wa mvua, hata vyombo alivyoosha havijakauka. Mtu aliyeifanya kazi hiyo mara mbili kwa mume mmoja hana nafasi ya kubishana na mkosi. Anatafuta panga.

Baada ya Ratnamala, Gaju aliacha kuongea. Ni fundi wa pampu za maji, kutwa yuko mashambani kwa watu, na jioni akawa anarudi na vichaka badala ya maneno. Alivichimba huko pembezoni mwa vilima: adulsa tunayoichemshia kikohozi, dhayti wa maua mekundu, karvanda na miiba yake. Halafu siku moja akaleta rui, akampanda kando ya kisima. Mimi napenda ua lililofagiwa likapakwa samadi, mrihani mtakatifu wa tulsi katikati, basi.

"Umenihamishia pori zima," nikamwambia. "Bado nyoka tu."

"Nyoka atakuja mwenyewe, Akka," akasema, maana wote huniita hivyo, dada mkubwa. "Hahitaji kubebwa."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu tumchome Ratnamala. Nikaviacha vichaka.

Ndege wakaja. Chozi walikuwa wakining'inia kwenye maua ya dhayti wakinyonya, na shore wawili wakajenga ndani ya karvanda, wakawa wananitukana kila nikianika nguo, kana kwamba ua ni lao na mimi ndiye mpangaji. Vipepeo nao, wa kila rangi. Nilimwuliza mbona bogenvila yangu, iliyonawiri vile ukutani, hawaitazami.

"Bogenvila ni mgeni," akasema. "Hivi ni vichaka vya hapa hapa, Akka, ndege wanavijua tangu zama za bibi zao. Hiyo yako ni nzuri, lakini kwao ni sahani tupu."

Indumati alikuja kuomba majani ya adulsa kwa kikohozi cha baba yake. Alikuwa mwalimu wa ushonaji, amevuka arobaini bila kuolewa kwa sababu ya kuwauguza wazazi, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kinachotoka ghafla. Mzee akapona. Indu akaendelea kuja kuchukua majani.

"Baba bado anakohoa?" nikamwuliza.

"Kidogo kidogo, Akka," akajibu, macho yake yako kwenye kichaka alikochuchumaa Gaju akimwonyesha yai la kipepeo dogo kuliko punje ya ufuta. Kikohozi cha namna ile nakijua.

Kwa hiyo niliposema na baba yake, naye akakubali, sikutaka mchezo. Guruji, anayetuozesha sote mtaani, alisema nyumba nyingine huuacha mti ujifie wenyewe. Nikamwambia sisi tutaukata. Gaju hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa na hofu kuliko mimi, ila yake haikuwa na sauti.

Tukamwoza rui yule yule wa kisimani, maana alikuwa karibu, na bado mchanga, urefu wake kiunoni. Nilimpaka manjano kwenye shina, nikamfunga uzi wenye shanga nyeusi za ndoa, nikamzungushia sari yangu ya kijani iliyochakaa pindo. Majirani walijaa.

"Bibi harusi mpole huyo!" akasema Kamalabai wa nyumba ya pili. "Hatamwuliza mume alikuwa wapi."

"Wala hatagombana na wifi," mwingine akadakia, na wote wakanigeukia mimi. Nikawaambia chai imekwisha, waende makwao.

Kesho yake asubuhi nililitoa panga. Gaju alikuwa mlango wa jikoni na kikombe chake, hanywi. Nilipofika kisimani nilimkuta Indu ameketi chini, mgongo kwenye kisima, magoti yakigusa kichaka. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma.

"We Indu! Bibi harusi hatakiwi huku kabla ya siku yake."

"Nimekuja kumwona mke mwenzangu." Akainua jani moja kwa kidole. "Tazama, Akka, ana wageni."

Chini ya jani palikuwa na viwavi, wadogo, wenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, wanakula kwa bidii.

"Yeye ana wageni, mimi nina kazi. Sogea."

"Panga hilo ni la nini?"

"La kukuokoa wewe, punguani!"

Hakusogea. "Akka, Yamuna na Ratnamala kuna aliyewakata? Hakuna. Walichukuliwa, na hakuna wa kulaumiwa. Huyu mnataka kumchukua wenyewe, kwa panga, kabla hata ya chai. Mimi siingii kwenye nyumba hiyo."

"Kwa hiyo unataka kufa?"

"Nataka kuolewa na mtu ambaye mke wake anaishi." Akaliachia jani. "Mpeni Gajanan mke mmoja anayeishi, japo ni kichaka. Muone atakuwaje."

Gaju akaja, akalitwaa panga mkononi mwangu. Nilijua atakata, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha amua. Akanyoosha mkono, akaliweka juu ya vigae vya paa, mahali ambapo mimi sifiki hata nikipanda kiti. Kisha akanywa chai yake.

Ningependa kusema mambo yakaishia hapo. Lakini viwavi hawakuwa wametangaziwa kwamba yule sasa ni mke wa mtu. Walikula. Walinenepa kama vidole, wakaongezeka, majani yakaanza kutoboka, kisha yakabaki mishipa mitupu. Na Gaju, mtu aliyekwenda hadi vilimani kutafuta kichaka cha kuliwa na viwavi, akawa kila akitoka kazini anakwenda kuyatazama majani kabla ya kunawa miguu.

"Akka, chemsha mwarobaini," akaniambia. "Tuwanyunyizie."

"Wewe?"

"Wanamuua."

Indu alikuwa amesimama nje ya lango, maana nilishamkataza kuingia. "Si ulimpanda ili aliwe?" akauliza kwa upole.

"Nilimpanda kabla hajawa mke wangu."

Nilimchemshia. Akajaza pampu ya mgongoni, akasimama mbele ya rui na bomba mkononi, akasimama sana. Mwishowe akaimwaga dawa yote mtaroni. Hakuweza kumpoteza mke, na hakuweza kuwaua watoto wa vipepeo aliowaita mwenyewe. Akaingia ndani akalala akiwa na viatu.

Siku chache baadaye halikubaki hata jani moja. Palikuwa na vijiti vilivyofungwa sari ya kijani, basi. Viwavi walikuwa wametoweka, wamejificha wanakojua wenyewe. Ilikuwa jambo la kutisha kulitazama, nakwambieni. Nilipita na ndoo nikageuza uso kama mtu anayepita penye msiba.

"Mwambie Indu asubiri," Gaju akasema akila bhakri, mkate wa mtama, bila mchuzi, bila kuitafuna vizuri. "Mwambie asije. Huyu naye akifa, basi si mkosi, Akka. Si nyota. Ni mimi. Kuna kitu kwangu kinachowaua."

"Usiongee upuuzi."

"Akichipua, nitaoa. Asipochipua, msinitafutie tena mtu. Mniache na ndege."

Nikapeleka ujumbe. Indu aliusikiliza huku akikunja kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Rui hafi kwa kuliwa," akasema. "Majani yanarudi. Mwambie yanarudi." Lakini alinishika mkono alipokuwa akisema, na mkono wake ulikuwa wa baridi mchana ule wa joto. Baba yake alikuwa barazani akimtajia jirani wageni atakaowaalika. Guruji alishatoa siku ya harusi, na siku ilikuwa inakuja mbio.

Hapo ndipo mimi, niliyemnolea panga, nikawa naamka kabla ya Gaju kumtilia maji. Niliongea naye pia. Mtu akiamka peke yake kuna mambo mengi husema.

"Wifi," nilimwambia, "usinitie aibu. Yamuna nilimpenda. Ratnamala nilimpenda, ijapokuwa kila siku aliunguza dengu. Nimechoka kuwapenda halafu kuwaosha. Wewe huna nywele za kuchana wala watoto wa kulea. Kazi yako moja tu. Ishi."

Alinyamaza, kama wifi mwenye kiburi anavyonyamaza. Nikamwongezea maji.

Asubuhi moja nilipoinua pindo la sari ili maji yafike shinani, nilikuta kimefungwa humo kifuko cha kijani chenye vidoa vya dhahabu, na kimepasuka. Kipepeo alikuwa ameshikilia pembeni, mabawa yamekunjamana, rangi ya chungwa na ncha nyeusi, anajikausha. Nikamwita Gaju. Zamani angelala kifudifudi chini ili amwone vizuri. Safari hii alimtazama mara moja tu, kisha akatazama vijiti. Kipepeo akaruka akavuka ukuta, na yeye akaenda zake kazini. Nilikaa pale kisimani nikalia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiniona, na kwa kuwa kitu kizuri kilikuwa kimetokea na mdogo wangu hakuwa na nafasi nacho.

Wiki ya harusi ikafika. Nilikuwa nimeshajiandaa kwenda kwa baba yake Indu kuomba radhi, nimevaa na sari ya heshima. Gaju alikuwa anatoka na begi lake la spana. Akapita kisimani, akasimama. Akaweka begi chini. Akainama, akainama zaidi, hata nikadhani amepatwa na kizunguzungu.

"Gaju?"

Nikasogea. Kwenye kijiti kimoja, pale lilipokuwa jani la zamani, palikuwa na vijani viwili, vya kijivujivu, vyenye manyoya laini kama sikio la ndama. Gaju alikuwa amekwaruza shina kwa ukucha, na maziwa meupe yalikuwa yanatoka, yanamtiririkia kidoleni.

"Akka," akasema. "Ana maziwa."

Kisha akakimbia. Bila viatu, vilibaki pale pale kwenye tope la kisima. Nami nikapandisha sari yangu ya heshima nikamfuata, mwanamke wa umri wangu, napita mbele ya duka la sukari guru na la vitambaa nikihema. Watu wakainuka mabarazani. Mtaani kwetu mwanamume akikimbia peku na machozi usoni, ni msiba.

"Kuna nini tena kwenu?" muuza sukari guru akanipigia kelele, na lile "tena" likanichoma, lakini sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Nyumbani kwa kina Indu mlango ulikuwa wazi. Gaju alishika mwimo kwa mikono miwili.

"Yu hai!"

Mzee akainuka kitini, ameshtuka. "Nani, mwanangu? Nani yu hai?"

"Mke wangu!" akasema Gaju, na hapo sauti ikamkatika. Hakuwa amemlilia Yamuna mbele ya watu, wala Ratnamala. Alisimama tu mara zote mbili akiutazama moto. Sasa alilia kwa sauti, mlangoni pa watu, majirani wote wakisikia. "Mke wangu yu hai! Mke wangu yu hai!"

Indu akatoka jikoni, mikono imejaa unga hadi kwenye vifundo. Aliitazama miguu ya Gaju yenye vumbi na kidole kile chenye maziwa, akanitazama mimi niliyeegemea ukuta nikitafuta pumzi. Akamkaribia, na mbele ya baba yake, mbele ya mtaa mzima, harusi bado, akamfuta machozi kwa sehemu ya juu ya mkono wake, pale pasipo unga.

"Haya, basi," akasema. "Rudi nyumbani ukamtilie maji. Na umwambie mwenzake anakuja Alhamisi."