Chai Ilihamia kwa Anifa

Bi Mwanamkuu aliporudishwa Gongoni kutoka hospitali, saratani imeshamwingia mifupani, mtaa mzima tulihamia kwake. Kwetu Tabora mgonjwa haachwi peke yake, wala mgeni haondoki na koo kavu. Basi binti yake, Ummy, alimgeuza mama, akamsafisha, akampa dawa ya maumivu, kisha akakimbilia jikoni kutuchemshia chai ya tangawizi. Sisi tumejaa ukumbini, tunamsifu: "Mtoto huyu ana moyo!" Na vikombe tunarudisha vijazwe.

"Ummy," mama aliita chumbani, "njoo ukae na mimi kidogo."

"Nakuja, mama. Wageni."

Siku moja tukasikia harufu ya maandazi kuungua. Anifa, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye habari ya Gongoni haijawa habari mpaka aipitishe yeye, akaenda jikoni. Alimkuta Ummy kasimama, kichwa ukutani, mwiko mkononi, usingizi umemchukua.

Anifa akaipua karai, akatoka na birika.

"Jamani, nyanyukeni. Bi Mwanamkuu anajuliwa hali kwangu."

"Mgonjwa yuko huku, sisi tukatoe pole kwako?" akauliza mzee Shilinde.

"Wewe mgonjwa wako si birika? Lifuate!"

Tukacheka, tukalifuata. Tangu hapo kila aliyekuja aliishia uani kwa Anifa, na hapohapo akapewa shuka la kufua au mchele wa kuchagua. Wapo walionuna, wakasema anawanyima thawabu. Ummy akapanda kitandani kwa mama yake.

"Wanamsema nani leo?" mama akauliza, vicheko vikivuka ukuta.

"Mzee Shilinde. Eti anataka kuoa tena."

"Na meno hana." Akatabasamu, akamshika mwanawe kidole. "Usiende."

"Siendi, mama."

Ijumaa, baada ya swala, tulikuwa tunacheka, sijui hata tulicheka nini. Ummy akaita mara moja tu: "Dada Anifa."

Anifa alikuwa anamimina chai. Akaliweka birika chini, akaenda. Bi Mwanamkuu alikuwa ameshatangulia, kichwa chake juu ya mkono wa Ummy. Anifa akainama amlaze vizuri.

"Mwache kwanza," Ummy akasema. "Nilimwambia siendi."

Anifa akarudi mlangoni, akakaa kizingitini. Tukaja mbio wote, tukamkuta pale. Hakutupisha.