Maneno Aliyouambia Mchaichai

Mzee Zephaniah alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Karatasi ilikuwa moja tu, lakini aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepitisha sinia la wageni.

"Dada Wakio," alisema, "inasemekana unaongea na majani."

Chumba kile kidogo nyuma ya madhabahu kilikuwa kimejaa: Mchungaji Alexander, wazee watatu wa kanisa, na akina mama wanne waliokuja kushuhudia, yaani kusikiliza ili wakawasimulie waliobaki nje. Na Voi ya mwaka ule wa sabini na nne, neno likitamkwa kanisani saa sita lilikuwa limeshafika stesheni kabla ugali haujaiva.

"Majani gani, Mzee?"

"Mchaichai."

Mbula, jirani yake Wakio, akashindwa kuzuia kicheko. "Basi na mimi mnifungulie mashtaka! Mwezi jana nimejifukiza nayo sufuria nzima, blanketi kichwani, mafua yakatoka mbio."

"Hata mimi niliyanywa nilipokuwa na homa, yakanitoa jasho," alisema Mchungaji. "Hapa hatuzungumzii majani, mama. Tunazungumzia maneno."

Mchaichai wenyewe uliota nyuma ya nyumba ya Wakio na mumewe Thadeus kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale maji ya bafu yalipomwagikia. Shina moja lilikuwa limegeuka kichaka. Makali ya majani yalimkatakata vidole mpaka vikawa na mistari kama daftari la shule. Gadi wa treni alikuja na tumbo lililojaa gesi. Kina mama walikuja na watoto wenye homa. Wasiopata usingizi walikuja jioni kunywa kikombe, wakakaa, wakapiga domo, na mara nyingi walisinzia palepale kwenye benchi. Wakio hakumdai mtu kitu. Alichopenda ni nyumba kujaa na habari kumfikia zikiwa bado moto.

Lakini kabla hajakata, aliinama na kuuambia mchaichai anayeugua ni nani na ana nini. Mama yake kule Ronge alifanya vivyo hivyo. "Wewe unaingia kwa mtu bila kupiga hodi?" mama alimuuliza siku Wakio alipocheka. Basi Wakio naye akawa anapiga hodi. Majirani walimsikia akinong'ona, wakamtania, yakaisha. Maneno yenyewe hakuyasikia mtu, ila awe amelala jikoni kwake, chini ya dirisha linaloelekea kichaka kile.

"Soma," alisema Mchungaji.

Zephaniah akasogeza karatasi mbali na uso. "'Mpe joto huyu. Alikuwa wawili, amebaki mmoja.'" Akanyanyua macho. "Huyo mmoja aliyeondoka ni nani? Si ndiyo mizimu hiyo?"

Wakio alihisi baridi ikimpanda miguuni, kwenye joto lile la Voi.

Maneno yale aliwahi kuyasema mara moja tu maishani. Ilikuwa miaka tisa nyuma, asubuhi ya mvua ya Novemba. Msichana alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni kwake, kanga ikiwa imelowa damu, analia bila sauti ili majirani wasisikie. Mimba ilikuwa imetoka. Wakio alimchemshia mchaichai, akamnywesha ukiwa moto, akamkanda mgongo, akamficha siku nne kwa jina la malaria. Wiki tano baadaye msichana huyo alifunga ndoa kanisani humuhumu, na shela nyeupe Wakio ndiye aliyemfunga.

Sasa msichana huyo, Hannah, alikuwa amekaa benchi la nyuma pamoja na wale akina mama, anafungua na kufunga mkoba wake. Ta! Ta! Jumapili iliyofuata akina mama wangechagua mwenyekiti, na majina yaliyobaki yalikuwa mawili. La kwake na la Wakio.

"Tusaidie basi, dada," alisema mzee wa tatu, kwa upole. "Ukitwambia ulimkatia nani, tutamwita huyo mtu, atatueleza, na shauri litaisha leo."

Aliyesema hivyo alikuwa Reuben, mume wa Hannah. Kola ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi ikasimama. Hakujua lolote. Mimba ile haikuwa yake.

Mkoba ukanyamaza.

Lilikuwa jina moja tu. Wakio angelitamka, angetoka pale na heshima yake yote, na uenyekiti juu. Alilisikia likimjaa mdomoni. Akamtazama Hannah. Hannah alitazama sakafu.

"Nimesahau, Mzee Reuben."

"Umesahau mtu, hujasahau maneno?" Zephaniah aliuliza.

"Maneno ni yangu. Mtu si wangu."

Walimfungia Meza ya Bwana miezi mitatu. Jina lake likafutwa kwenye uchaguzi, akaambiwa asimkatie tena mtu majani. Mbula alitoka nje akibamiza mlango, na hilo nalo likafika stesheni.

Hannah alichaguliwa. Jumatano yake, saa kumi, alikuja kwa njia yake ya siku zote, uani, mlango wa jikoni, mahali alipozoea kufunua sufuria kabla hata ya kusalimu. Wakio alimwahi pale kizingitini.

"Karibu mbele," alimwambia.

"Mbele wapi, shoga? Mimi?"

"Mbele. Sebuleni."

Akamzungusha nyumba nzima kwa nje, akamfungulia mlango wa barabarani, akamkalisha kwenye kiti cha kitambaa cha kufuma ambacho walikalia wakubwa wa Thadeus peke yao. Akaleta kikombe chenye kisahani. Chai ilikuwa ya majani ya duka, basi.

"Wakio," Hannah alisema. "Niliulizwa huwa unanong'ona nini, nikawatajia. Nilidhani watakukanya tu. Sikujua Reuben atawekwa kwenye baraza..."

"Unakunywa na vijiko vingapi vya sukari?"

Miaka yote hiyo Hannah hakuwahi kuulizwa.

"Viwili," alijibu.

Wakio akatia viwili, akakoroga, akakaa kiti cha mkabala, mikono magotini. Treni ya mizigo ikapita nyuma ya landi, madirisha yakatetemeka, vikombe kabatini vikagongana. Ilipokwisha kupita, kila kitu sebuleni kilitulia, isipokuwa kile kijiko kwenye kisahani mkononi mwa Hannah, kilichoendelea kulia.