Nafasi kwenye Diski D

Kompyuta ya studio yangu ya picha ilikuwa na kiburi cha mzee. Ukivuta picha kwenye bango inaganda, unachemsha chai, unakunywa, ndipo isogee. Ijumaa hiyo asubuhi nilichoka nikamwita Mahmud, jirani yangu hapa Migori mjini, anayeuza vipuri vya kompyuta.

Aliongeza RAM, akazima programu zinazojiwasha zenyewe, akahamishia faili za muda za programu ya usanifu kwenye diski D. Kisha akaguna.

"Sister, hii D imejaa. Hizi picha za passport za watu, bado unazitaka?"

"Za miaka mitatu? Futa zote, bana! Wenyewe walishachukua zao."

Ni mimi, Jedidah, niliyesema hivyo, tena kwa kinywa kipana. Akafuta. Mashine ikaanza kuruka, nami kabla ya saa saba nilikuwa nimemaliza mabango matatu ya harusi, nikiimba.

Saa tisa akaingia Mama Eucabeth, anayeuza ndizi soko la Rangwe. Mwanawe Motari alikuwa amefukiwa na mgodi kule Masara, na mazishi ni Jumapili. Mwili ulitolewa, lakini simu na kitambulisho vilibaki chini ya udongo.

"Mwanangu, mwaka jana ulimpiga picha hapa, akitafuta kazi. Zile nne zote alipeleka huko mgodini. Hatuna ingine. Iweke mbele ya kitabu cha mazishi."

Nilimkalisha, nikakimbia kwa Mahmud. Alikuja na programu ya kufufua faili, tukakaa tukitazama asilimia zikipanda.

"Umefanya kazi tangu nifute?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mabango matatu."

Akafumba macho. "Basi faili za muda za hayo mabango zimeandikwa juu ya picha yake, sister."

Kumbe muda wote nilipokuwa nikifurahia ile kasi, nilikuwa nikimfukia Motari mara ya pili.

Ilifufuka nusu. Ukuta wa bluu, nywele, paji la uso. Kuanzia nyusi kwenda chini, kijivu kitupu. Mahmud alijaribu tena na tena. Jua lilikuwa linashuka, na sisi Wasabato tunajua maana yake. Nilimweleza mama ukweli wote, hadi lile neno "futa". Nilitamani anitukane.

"Zima mashine, mwanangu," alisema. "Sabato inaingia."

Alipoinuka aliliona koti jeusi kwenye msumari, lile ninalowaazima wateja wanaokuja bila koti.

"Ndio hii alivaa?"

"Ndiyo, mama."

Alilishusha. Akazika uso kwenye kola, akavuta pumzi. Akageuza upande wa pili, akavuta tena, kisha akanitazama.

"Hii unafuanga?"

"Kila Alhamisi, mama," nikajibu.